Mtani Wangu Hakuiangusha Ndege

Kambi ya Mkonge,
Karibu na Kitomanga,
Wilaya ya Lindi.
4 Julai 1937

Mpendwa Mjomba Valentini,

Leo ni Jumapili, tarehe nne ya mwezi wa saba, na misimu miwili ya mvua imekwisha kupita tangu niliposhuka vilima vyetu na furushi langu kichwani kuja kutafuta kazi huku pwani.

Shikamoo, Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta unakaa mlangoni kwako ukiwa mzima, na kifua chako kimepumzika baada ya baridi. Mama Stefania macho yake yanaendeleaje? Je, bado anashona kwa kupapasa uzi? Na mke wangu Skolastika, hajambo na mtoto? Niambieni kama mtama umevunwa wote au nguruwe mwitu wametangulia kuvuna. Huku kila siku nawaza vitu hivyo hivyo, hata ninapokuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kuvua shati.

Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto umevunjika na umefungwa vibao. Wa kulia ndio unaoandika. Kwa hiyo mkiona mistari imepinda, msiseme ni pombe. Karatasi inakimbia na sina mkono wa kuishika.

Ndugu Mikaeli, wewe mwalimu wetu wa dini unayemsomea Mjomba barua hii, nakuomba usiruke neno. Pale Mjomba atakapoanza kukohoa kwa hasira, mngoje amalize, kisha endelea.

Mjomba, maneno yako nimeyapata. Abilahi, yule mwuza samaki wakavu wa Nangurukuru, alipita hapa juzi na mizigo yake akanipa salamu zako mbele ya watu. Alisema, "Mjomba wako kakataza. Anasema Mngoni si ndugu yako. Sema wanachotaka useme, ufunge furushi, urudi kwenu." Nikamuuliza kama umesema hivyo hivyo au ameongeza chumvi ya samaki wake. Akaapa kwamba hakuongeza hata punje moja.

Basi nitakueleza jinsi mambo yalivyokuwa, maana najua habari zimepanda huko vilimani zikiwa zimeota mikia. Kwanza mliambiwa nimekufa. Kisha mkaambiwa Mngoni kaiangusha ndege ya Mzungu kwa dawa. Yote mawili ni uongo.

Bwana mwenye shamba hili tunamwita Bwana Miluzi, kwa kuwa hapiti mahali bila kupiga mluzi. Ana ndege yake mwenyewe, ndogo, yenye mabawa ya chini na ya juu, na viti viwili tu, kimoja mbele na kimoja nyuma, wazi juu kama mtumbwi. Uwanja wake tuliufyeka sisi, tukang'oa visiki sisi, na mwisho wa uwanja huo unaanza mkonge, mistari kwa mistari, hadi macho yanachoka.

Kazi yangu siku ya ndege ni kuisukuma itoke bandani na kulizungusha lile panga la mbele kwa mkono mpaka mtambo uwake. Ni kazi ya kuruka nyuma upesi. Ukichelewa, panga linabaki na mkono wako. Masika yote ndege ilikaa katika banda la makuti, kwa sababu uwanja ulikuwa tope. Ardhi ilipokauka, Bwana akasema anakwenda Kilwa kumtembelea rafiki yake, na mimi nipande naye, maana huko hakuna mtu anayejua kulizungusha panga wakati wa kurudi. Sikuulizwa kama nataka. Niliambiwa panda, nikapanda kiti cha mbele.

Sasa nikueleze habari za Lukas, huyo Mngoni. Anatoka Songea, tunalala banda moja, tunakula sufuria moja. Wewe unajua kuliko mimi kwamba Wangoni ni watani wetu. Babu zao waliwateka babu zetu, na sisi wajukuu tunalipana deni hilo kwa matusi na kicheko. Tangu nifike hapa, hakuna asubuhi aliyoniamkia Lukas kwa adabu. Wala mimi sijamwamkia kwa adabu.

Asubuhi ile alinikuta nimekaa ndani ya ndege, nimevaa miwani mikubwa ya Bwana. Akashika kiuno.

"Ewe mtumwa wangu, nani kakudanganya Mmatumbi anaruka? Kwenu ni mapangoni! Babu yangu alipopiga hodi, babu yako aliingia shimoni akalala na popo!"

"Na babu yako," nikamjibu, "alikuja na ngao akarudi anahara, kwa kula mihogo yetu michungu bila kuuliza!"

Watu wakacheka, hata nyapara Kibwana akacheka. Ndipo Lukas akasema yale maneno: "Haya nendeni! Lakini hiyo ndege haifiki Kilwa. Haivuki hata mkonge. Ikijua imembeba Mmatumbi, itaanguka kwa aibu!"

Bwana alikuwa anavaa glavu zake hapo hapo. Kiswahili chake ni cha kuamrisha, lakini maneno hayo aliyasikia.

Lukas mwenyewe ndiye aliyelizungusha panga siku ile, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekaa. Mtambo ukawaka vizuri. Tukaenda taratibu hadi mwisho wa uwanja, tukageuka, Bwana akaufungulia kwa nguvu zote. Mjomba, jambo lile siwezi kulisema sawasawa. Tulikimbia, mkia ukainuka, na mara mtetemo wa ardhi ukakatika kabisa. Niliona paa la banda letu. Niliona migongo ya kunguru. Nilisahau kuogopa.

Tulipokuwa juu ya mkonge, kimo cha minazi miwili hivi, sauti ikabadilika. Mtambo ulipaliwa, kama mtu aliyemeza uji wa moto. Ukashika tena, ukapaliwa tena, kisha nguvu zikaisha. Panga lilikuwa bado linazunguka mbele yangu, lakini polepole, nikaweza kuona kila upande wake. Pua ikainama. Nyuma yangu Bwana alipiga kelele neno la kwao, na nikahisi anaishusha ndege moja kwa moja mbele, hakujaribu kugeuka kurudi uwanjani. Fundi alisema baadaye kwamba angegeuka tungekufa wote wawili. Kwa hilo namsifu Bwana, na nitamsifu popote.

Tuliingia ndani ya mkonge. Mkonge haupokei mgeni vizuri. Miba yake ilichana mabawa kama kanga kuukuu, magurudumu yakabaki nyuma, na ndege ikasimama kwa pua. Mkono wangu ulilia kama kuni kavu. Bwana alikuwa amejigonga paji la uso, amezirai, damu inamfunika. Na juu ya vichwa vyetu, mahali lilipo tangi, petroli ilikuwa inadondoka juu ya mtambo wa moto.

Unajua nani alifika kwanza? Wote walisimama mbali wakiogopa moto. Lukas alipita katikati ya mkonge na kisu chake cha kukatia, akipiga kushoto na kulia, miguu yake ikichanwa mpaka nyama ikaonekana. Alikata mikanda ya Bwana, akamtoa kwanza, kisha akanirudia mimi. Usisahau hilo, Mjomba: Bwana kwanza, mimi baadaye.

Tulibebwa kwa machela, mimi mbele, Bwana nyuma, maana kati ya mistari ya mkonge hakuna pa kupishana. Tukiwa njiani, Lukas akafanya kama mtani anavyofanya. Alikwenda mbele yetu, akalala chali katikati ya njia, akaanza kulia kilio cha msiba.

"Mmatumbi wangu amekufa, jamani! Nani atanirithisha sufuria yake? Nani atanirithisha mke wake? Hapiti mtu hapa mpaka nipewe changu!"

Wewe umeona mazishi mangapi yaliyozuiwa hivyo? Watani hulala mbele ya jeneza mpaka wapewe kitu, na wafiwa hucheka machozi yakiwa bado shavuni. Nami nilicheka. Mkono uliuma vibaya kwa kucheka, lakini nilijua sijafa. Nikamtupia kofia yangu, akaiokota, akainuka, tukapita. Haikuchukua muda.

Lakini kosa ndilo hilo. Alipozuia machela yangu alizuia na ya Bwana iliyokuwa nyuma. Na Bwana wakati ule ule alikuwa amezinduka. Alichokiona kwa jicho lake moja lisilo na damu ni yule mtu aliyesema asubuhi kwamba ndege itaanguka, sasa amelala njiani anamzuia asifike kwa daktari, na watu wanacheka.

Siku iliyofuata akaja fundi, Kalasinga mmoja kutoka Lindi. Alilifungua lile tangi akatuonyesha. Tangi lina tundu dogo juu, la kuvutia pumzi. Ni kama dafu, Mjomba: ukilitoboa tundu moja na kulipindua, maji yanatoka kwa shida, ukitoboa la pili, yanamwagika. Tundu hilo lilikuwa limezibwa na udongo mkavu. Mtambo ukienda polepole, petroli kidogo inautosha. Ukidai nyingi, kama wakati wa kuruka, haishuki, na mtambo unakufa kiu. Kalasinga akaubomoa ule udongo kwa msumari, ndani yake wakatoka buibui wadogo wamekauka. Akasema, "Kazi ya nyigu hii. Amejenga wakati wa mvua, akaweka chakula cha watoto wake."

Wakamwambia Bwana kitandani kwake. Unajua alijibu nini? Alisema, "Nyigu hakusimama asubuhi kunitangazia kwamba nitaanguka. Mtu ndiye aliyesema." Jioni askari wakaja wakamfunga Lukas pingu. Wanasema aliutia ule udongo kwa mkono wake.

Nyapara Kibwana akaja kunitazama nikiwa nimelala na mkono wangu. Alikaa, akanisalimu vizuri, akaniuliza kama nimekula. Nikajua ametumwa.

"Eusebio, mdogo wangu," akasema, "sema tu ulimwona karibu na banda la ndege usiku. Neno moja. Utaandikiwa kazi yako imekwisha, utapanda lori, utarudi kwa mkeo."

"Sikumwona."

"Hata kivuli chake?"

"Kaka Kibwana, wewe ulikuwepo. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. Kwa nini hukumweleza Bwana kwamba ule ni utani?"

Akatazama chini. "Nilimweleza. Akaniuliza kama na mimi nimo. Nina watoto, Eusebio."

"Nami ninaye. Mkono wangu umevunjika, ulimi ni mzima. Mwambie hivyo."

Simchukii Kibwana. Lakini tangu siku hiyo nimetolewa kwenye kazi ya ndege, ambayo hata hivyo haipo tena, nikapelekwa kuanika nyuzi za mkonge juani kwa mkono mmoja. Wanadhani uchovu utanifundisha adabu. Mimi nilichoka kabla yao, hawana kipya cha kunifundisha.

Wiki iliyopita nilipelekwa Lindi juu ya marobota ya mkonge, kusema mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa Serikali anayeamua kesi. Baraza lilijaa. Lukas alisimama na pingu, miguu yake bado ina vidonda. Bwana Miluzi alikaa kwenye kiti, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, hapigi tena mluzi. Ameapa, amesema anayoyaamini, na naona kweli anayaamini. Ndiyo maana inatisha.

Bwana Shauri anajua Kiswahili kizuri. Akaniuliza, "Huyu alikucheka ukiwa umevunjika mkono?"

"Alinicheka, Bwana."

"Hukukasirika?"

"Ningekasirika kama angenyamaza. Mtani akinyamaza siku ya msiba wako, hapo ndipo umwogope."

Watu wakaguna, "Kweli, kweli." Askari akawanyamazisha.

"Lakini alisema ndege itaanguka, nayo ikaanguka."

"Bwana, kila asubuhi husema jambo. Wiki moja kabla ya hapo alisema nitaolewa na kiboko wa Mto Mbwemkuru. Mpaka leo posa haijaja."

Baraza zima likacheka, na Bwana Shauri akafuta mdomo kwa mkono. Bwana Miluzi hakucheka. Nikaendelea kabla sijaambiwa ninyamaze. Nikasema, "Mwulizeni Bwana wangu ni nani aliyekata mikanda yake petroli ikidondoka. Kama Lukas alitaka afe, alikuwa na haja gani ya kuichana miguu yake? Angekaa tu kivulini, moto ungemfanyia kazi."

Bwana Miluzi akasema hakumbuki nani alimtoa. Sidhani kwamba anasema uongo, alikuwa amezirai. Lakini sisi tuliokuwa macho tunakumbuka, na nimewataja kwa majina.

Bwana Shauri hakukata shauri. Alisema lazima Kalasinga aje aseme habari ya wale buibui kwa kinywa chake, naye amekwenda Mikindani kutengeneza mtambo mwingine. Tena anataka wazee wa Kingoni na wa Kimatumbi wakaao Lindi waje wamweleze utani ni nini. Mpaka hapo Lukas anakaa ndani. Akionekana na hatia, ni miaka kadhaa ya kuvunja mawe.

Alipokuwa anatolewa, alinipitia karibu. Akasema, "Mmatumbi, hata kutetea hujui. Umesema kama mtu anayepiga chafya." Nikamwambia, "Nyamaza, mtumwa, pingu zimekupendeza." Askari alitusukuma mbali mbali, anashangaa watu gani hawa wanaotukanana huku wamelengwa na machozi.

Sasa nakujibu, Mjomba. Ndugu Mikaeli, soma polepole.

Najua kwa nini umenituma nirudi. Si woga wa bure. Uliona kwa macho yako njaa baada ya vita vya Maji Maji, Wadachi walipochoma maghala, na watu wakachimba mizizi. Umejifunza kwamba Serikali ikitazama upande mmoja, mtu mwenye akili hukaa upande mwingine. Sikulaumu. Ni wewe uliyenilea baba alipokufa, na mkono huu unaoandika ulikua kwa mihogo yako.

Lakini hao waliochomewa maghala hawakuwa Wamatumbi peke yao. Wangoni nao walinyongwa wazee wao kule Songea, vita hivyo hivyo. Ulinihadithia mwenyewe. Sasa unaniambia Mngoni si ndugu yangu? Ndugu yangu angefika kwenye ile petroli baada yake.

Nikisema nilimwona usiku, nitarudi kwenu na mkono mmoja mzima na jina lililooza. Siku utakapokufa, Mjomba, na Mungu aicheleweshe siku hiyo, watani watakuja kuzuia jeneza lako. Watanitazama usoni, watageuka, watakwenda zao bila kutukana. Utazikwa kimya kama mbwa. Mimi sitaki kukuzika hivyo.

Kwa hiyo sisemi wanachotaka niseme. Wala sitoroki. Nikitoroka watasema, tazama, hata mwenzake amekimbia. Wanipe jua, waninyime lori, wanibadilishie kazi kila siku. Nitaendelea kusema yale yale, na mara ya pili nitayasema kwa sauti kubwa zaidi kuliko ya kwanza. Kama hasira yako haijaisha, inyweshe maji ikae. Nikifika nitapiga magoti na utanikemea utakavyo.

Jambo moja naomba. Kama huko yupo mzee wetu anayejua kueleza utani vizuri, na ana miguu ya safari, mtume ashuke Lindi. Abilahi atamwongoza kuanzia Nangurukuru. Nimekwisha kusema naye, amekubali, ingawa amenung'unika kwanza kama kawaida yake.

Nisalimie Mama Stefania, umwambie mkono unaunga na asilie. Skolastika mwambieni sikuahidi kurudi na kanga, niliahidi kurudi nikiwa mtu, na hilo nalitengeneza. Mtoto abusiwe. Modesti, nduguye mke wangu, nampa salamu, alitazame paa la nyumba yangu kabla ya mvua. Ndugu Mikaeli, asante kwa kusoma mpaka hapa. Mungu akulinde na makohozi ya Mjomba.

Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, awape usingizi usio na hofu na ghala lisilo na panya.

Shauri litasikilizwa tena katikati ya mwezi wa nane. Lukas akiachiwa, tutaondoka Lindi wote wawili siku hiyo hiyo, na mtatuona tukipanda vilima kabla ya mvua za vuli. Mpikieni vizuri, kisha mtukaneni mpaka aombe maji. Akifungwa, msinitazamie. Nitatafuta kibarua Lindi mjini, nimpelekee chakula mlangoni mwa jela, na nitarudi kwetu siku watakayomfungulia mlango, si kabla yake.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Eusebio